Haibridi Yako Haijui Nyambene

Wacha niseme hii mapema, ndio wa kukasirika akasirike sasa. Kijana wa Ifo anayejiita dereva kwa sababu ametoka Dadaab mpaka Liboi bila kukwama mchangani bado hajawa dereva. Ni dereva wa tambarare. Na mimi ni mmoja wao, kwa hivyo usiniambie nawadharau watu wetu.

Fikiria tu pale tunapoishi. Simama Ifo, geuka pande zote nne. Unaona nini? Mchanga mwekundu, miti ya miiba, mnara wa simu, na anga. Ukitaka kuona juu lazima upande tangi la maji. Kuna wasee nimesoma nao tangu darasa la kwanza, wamezaliwa hapa, wamefika miaka ishirini na hawajawahi kuona mlima kwa macho, kwa sababu kutoka kambini ni mpaka upate karatasi ya kusafiri. Si makosa yao. Lakini hao hao ndio utasikia kwenye baraza za jioni wakibishana ni gari gani "linashuka mlima lenyewe".

Na siku hizi jibu la kila mtu ni moja: haibridi. Ati ukiwa na pikapu ya haibridi mlima umekwisha. Ati mota inashika gari, betri inajichaji, kompyuta inafikiria, wewe kazi yako ni kushika usukani na kutafuna. Nimeona klipu ya jamaa akishuka mahali fulani amekunja mikono kifuani, na maelfu wamempa moyo.

Walaal, huyo atakuua. Wacha nikuambie kwa nini najua.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilitoka Maua na abti wangu. Abti ni dereva wa pikapu, amepeleka miraa na mboga huku kwetu miaka mingi: Maua, Kinna, Garba Tulla, Modogashe, Habaswein, Dadaab. Barabara anaijua hata usingizini, na usiku mwingine nadhani ameiendesha hivyo kweli. Kwa miaka hiyo yote alikuwa na Hilux ya zamani, ya gia ya mkono, iliyokuwa inalia kama punda. Halafu tajiri wake akaleta mpya, dabo kebini, haibridi ya dizeli, otomatiki. Abti akaoshwa akili. Nilipopanda, kitu cha kwanza aliniambia ni, "Abti, hii si gari, hii ni ndege." (Kwa wale si Wasomali: mjomba na mpwa tunaitana abti wote wawili. Msichanganyikiwe.)

Nyuma tulikuwa na magunia ya viazi, mikungu ya ndizi, kabichi, na miraa juu yake yote. Sisi watatu ndani: yeye, mimi, na taniboi. Kwa hesabu yangu gari zima lilikuwa linakaribia tani tatu.

Tukaanza kushuka Nyambene. Kama hujawahi kuiona, ni majani chai na mashamba ya miraa yamebandikwa ukutani, halafu barabara inapinda, inapinda tena, na chini kabisa unaona nchi yetu, ile kahawia, imelala kama mkeka. Nilitoa simu nirekodi. Na hapo ndipo nilimuona abti akisukuma gia ikaenda N.

Nyutro. Kwenye mteremko. Na tani tatu.

Nikamuuliza, abti, mbona umetoa gia? Akacheka. "Inaokoa mafuta. Na hii ina mota, itashika."

Dakika chache baadaye kulikuwa na harufu. Kama umewahi kuunguza kitambaa cha nailoni, ndiyo hiyo. Taniboi ndiye aliyesema kwanza, akasema gurudumu la mbele linatoa moshi. Abti akakanyaga breki, na niliona mguu wake ukienda chini zaidi ya vile unavyopaswa kwenda. Uso wake ulibadilika. Sijawahi kumuona abti akiogopa, hata ile wiki majambazi walisimamisha magari njiani. Siku hiyo nilimuona.

Kilichotuokoa ni mikono yake ya zamani. Hakupiga kelele. Alirudisha gia, akavuta kwenye S, akashusha mpaka ya pili, injini ikapiga mayowe, gari likaanza kuvutwa nyuma kama limeshikwa shati. Breki ya mkono akaivuta kidogo kidogo, si kwa nguvu. Kona moja, kona ya pili, halafu mahali pametandika kidogo karibu na kioski cha ndizi. Tukasimama. Taniboi akashuka na dumu la maji amwagie magurudumu, na abti akamkemea vibaya sana, kwa sababu diski iliyowaka ukiimwagia maji baridi inapinda au inapasuka. Tukakaa chini ya mti saa nzima. Hakuna aliyetafuna.

Sasa turudi kwa wewe uliyekunja mikono kwenye klipu.

Gari likiwa juu ya mlima lina nguvu ndani yake, hata likizima. Likishuka, hiyo nguvu lazima iende mahali. Haipotei kwa sababu una pikapu mpya. Hesabu ya fizikia ya shule, na usiniambie hukuisoma: tani tatu zikishuka mita 700 zinatoa karibu yuniti sita za umeme. Yuniti, zile unanunua tokeni. Ukipenda kwa lugha ya nyumbani, ni moto wa kutosha kuchemsha madumu matatu ya lita ishirini. Toa kidogo kinacholiwa na upepo na matairi, bado unabaki na zaidi ya madumu mawili yanayotokota. Sasa hayo madumu unayaweka wapi? Ukiwa nyutro, yote unayaweka kwenye vyuma vinne vilivyo ndani ya magurudumu. Hakuna mahali pengine. Chuma kinapata moto, pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanapata moto, na yakichemka yanatoa mapovu. Mapovu yanabonyezwa, mafuta hayabonyezwi. Ndio maana mguu wa abti ulizama.

"Lakini haibridi inaweka kwenye betri." Sawa. Betri gani?

Kuna haibridi na kuna haibridi. Hilux ya 48V ambayo Toyota ilianza kuiuza Afrika Kusini na Ulaya mwaka 2024, ambayo kila mtu huku anaiota, ni injini ya dizeli ya 2.8 na mota ndogo ya kilowati 12 inayosaidia. Betri yake ina kilo saba na kitu. Kilo saba! Mtoto wa mwaka mmoja ana zaidi. Ni gari zuri, sikatai, inaondoka laini na inakunywa kidogo. Lakini ukishuka mteremko mkali kwa kasi ya 40 na tani tatu, mlima unakusukuma kwa kilowati ishirini na zaidi. Mota ya kilowati 12, hata ikifanya kazi yote iliyoumbiwa, haifikii. Na kabetri hako kakijaa, na kanajaa haraka, hakuna pa kuweka. Kompyuta inaacha kuchaji. Inakurudishia mlima wako mkononi, bila kukuuliza kama uko tayari.

Hata zile haibridi kamili, zile Aqua na Axio mnazoziona Garissa, betri ya Aqua haifiki yuniti moja. Na hapo kuna kitu kingine kinaniudhi. Hizo gari kwenye gia kuna herufi B, na watu wengi wanadhani ni urembo. Hiyo B ndiyo ya mlima. Ukiiweka, injini inazungushwa ili ishike gari, na betri ikijaa injini inalia kwa sauti kubwa hata hujakanyaga mafuta. Ile sauti ndiyo gari likifanya kazi yake! Lakini msee akiisikia anadhani gari limeharibika, na anafanya nini? Anatupa N. Kwenye N haibridi haichaji betri kabisa. Umezima kile kitu ulicholipia pesa nyingi, ukiwa mahali pa pekee duniani ambapo unakihitaji.

Na hii ya kuokoa mafuta ndiyo uongo mkubwa kuliko wote. Zamani, gari za kabureta, ungeweza kubishana. Injini ya leo, petroli au dizeli, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa. Sifuri. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini lazima ijiendeshe yenyewe isizime, kwa hivyo inakunywa. Ndio, umesoma vizuri. Abti alikuwa anachoma breki za tajiri, na roho zetu tatu, na bado anatumia mafuta zaidi.

Nilimwambia hivyo chini ya ule mti. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho kilinifanya niandike hii.

Alisema tajiri anampa mafuta ya kupimwa. Lita kadhaa kwa safari, basi. Zikibaki ni zake, zikipungua anatoa mfukoni. Na akichelewa, miraa ikinyauka, anakatwa. Kwa hivyo kila dereva wa njia ile amejifunza kushuka haraka na kushuka nyutro, na amefundishwa na mkubwa wake, ambaye alifundishwa na mkubwa wake kwenye gari la kabureta.

Sasa nawauliza nyinyi mnaomiliki hizi gari, na najua baadhi yenu mnasoma au watoto wenu wanasoma: mnanunua pikapu ya mamilioni, halafu mnaweka sheria inayomlipa dereva kwa kuhatarisha maisha yake? Halafu likianguka mnasema "qadar". Wallahi naamini qadar. Lakini qadar haikupanga lita zile. Ni wewe, na kalkuleta.

Wala si Nyambene peke yake. Daraja la Nithi, barabara ya Meru kwenda Embu, njia ile ile ya pikapu za miraa zinazokimbilia Nairobi: Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Pale watu walikuwa wanakufa kabla, ndio maana kila Mmeru anakijua kile kiteremko kwa jina. Salgaa na Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret: polisi na NTSA wamepiga kelele miaka na miaka kuhusu malori yanayoshuka nyutro. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, watu 36 hawakufika nyumbani. Londiani, Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo likawapitia watu waliokuwa wanauza na kununua kando ya barabara, zaidi ya 50. Hao hawakuwa hata ndani ya gari. Mama anapanga nyanya, basi.

Sisemi ajali zote hizo sababu yake ni moja. Kila ajali ina mambo yake, na barabara zetu zina makosa yake pia. Nasema mteremko haujali umetoka wapi, na sisi wa tambarare tunaufikia bila kujua chochote.

Kwa sababu tunajifunzia wapi? Mtu wa Garissa anapata leseni kwa kusukuma kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji, halafu anaendesha gari la shule kwenye barabara iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Anafaulu. Leseni yake inasema Kenya nzima. Kesho anaweza kupewa tani tatu na kuambiwa ashuke kutoka Iten, mita 2,400 juu, hadi sakafu ya bonde la Kerio iliyo zaidi ya mita elfu moja chini, kona juu ya kona. Hajawahi hata siku moja kusikia maneno "shuka na gia". Mimi nililipa pesa zote za shule ya udereva na hilo neno sikulisikia. Nimelisikia kwa abti, mguu wake ukiwa umezama.

Kuna msee atasema, "Sasa wewe ni fundi?" Zii. Mimi natengeneza video. Lakini baada ya siku ile nilikaa na mafundi wawili wa kambini, wale wanaofungua Land Cruiser za mashirika, nikawauliza mpaka wakachoka. Mmoja alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimefikiria. Haibridi inatumia breki za chuma kidogo, kwa sababu huku tambarare mota inafanya kazi nyingi. Kwa hivyo pedi zinakaa muda mrefu, na mwenye gari anafurahi, hafungui kamwe. Ndani vumbi letu linaingia, pini zinashika, pedi moja inasugua na nyingine imelala. Mafuta ya breki yananyonya unyevu polepole, na yakishanyonya yanachemka mapema, ndio maana yanabadilishwa kama kila miaka miwili hata kama gari linaonekana zima. Gari linakaa Ifo miezi minane bila shida yoyote. Halafu linapelekwa Meru siku moja, na siku hiyo ndiyo breki zinaitwa kazini kwa mara ya kwanza.

Na kwenye zile Aqua, angalia kando ya kiti cha nyuma. Kuna katundu ka hewa, kenye feni ya kupoza betri. Hapa kwetu kanajaa mchanga mwekundu kama sikio la mtoto. Betri ikipata joto gari linaipumzisha, linapunguza kuchaji, na hapo tena breki ya mota inapungua. Chukua brashi. Safisha. Ni dakika kumi. Usiweke mkoba wa hooyo mbele yake.

Mengine yote ya kushuka si siri. Kabla mteremko uanze, si katikati, ingiza gia ya chini: ya pili au ya tatu kwenye S, B kama ni haibridi ndogo, na kama ni mawe na mlima kweli basi gia za chini za magurudumu manne. Gia ya kushuka nayo ni ile ambayo ungehitaji kupanda hapo hapo. Kanyaga breki kwa uthabiti mpaka kasi ishuke, halafu achia zipumue. Usiuweke mguu juu yake kilomita tano kama mto wa kulalia. Na kasi: ukishuka kwa 40 badala ya 80, joto lile lile linapata muda mara mbili wa kutoka. Dakika ngapi umepoteza? Kumi? Miraa haijanyauka kwa dakika kumi, wacha uongo.

Najua kuna wengine watasema namchafulia abti jina. Siku ile aliniambia, "Abti, usiposti hii." Sikuposti. Ile video iko kwenye simu mpaka leo, sauti ya taniboi akisema moshi iko wazi kabisa. Nilimuomba ruhusa ya kuandika tu, bila video, bila jina lake, bila jina la tajiri. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniuliza ni watu gani wanasoma vitu vyangu. Nikamwambia ni vijana, wengi wanatafuta leseni, wengi wanataka kuwa yeye. Akanyamaza, halafu akasema andika, lakini andika pia kwamba niliirudisha gia.

Basi nimeandika. Aliirudisha gia.

Hapo ndipo sikubaliani na wale wanaosema dawa ni kuwakamata madereva. Kamata abti leo, kesho tajiri ataweka kijana wa miaka ishirini na mbili kwenye kiti kile kile, na lita zile zile, na huyo hatakuwa na mikono ya zamani ya kumuokoa. Kama unataka kukamata mtu, anza na daftari la mafuta. Lipa dereva mshahara, si mabaki ya tangi. Weka pesa ya pedi na mafuta ya breki kando, kama unavyoweka ya matairi, kwa sababu matairi unayaona na breki huzioni. Na ukimtuma kijana wa tambarare mlimani kwa mara ya kwanza, mtume na mtu aliyewahi kushuka, gari likiwa tupu, mchana.

Abti anatoka tena Alhamisi. Tajiri amesema mafuta ya breki yatabadilishwa kwenye sevisi, na sevisi bado kilomita elfu tatu. Kwa hivyo jana mimi na taniboi tulichanga, tukanunua chupa sokoni, na yule fundi amekubali kufanya kazi bure Jumatano baada ya Asr. Kama uko Ifo na una gari ambalo litawahi kuona mlima, njoo na chupa yako. Tutakuwa pale mpaka Maghrib.